Nilihesabu Arobaini, Nikaandika Mia



Wadogo zangu, leo naandika hasa kwa wale waliojaza udaktari chaguo la kwanza wakapangiwa maabara. Nawajua, maana nilikuwa mmoja wenu. Nilisoma PCB nikiwa na picha moja tu kichwani: koti jeupe, stetoskopu shingoni. Alama hazikutosha. Nikapangiwa Shahada ya Sayansi ya Maabara za Tiba, na mwaka wa kwanza wote nikiulizwa nyumbani nasoma nini, nilijibu "mambo ya hospitali", basi. Koti jeupe nililipata. Stetoskopu, hapana.

Masomo yenyewe si mepesi, nisiwadanganye. Kuna somo la damu, la kemia ya mwili, la bakteria, la vimelea, la kinga, na la kuchangia damu, ambako ukikosea kundi la damu mtu anaweza kufa huku damu inaingia. Sapu zipo. Bumu likichelewa, utasoma na njaa. Lakini kilichonitesa zaidi ni kwamba mgonjwa humwoni. Unaletewa kichupa chenye namba. Daktari akikosa uaminifu, kuna uso mbele yake unaomtazama. Sisi tunatazamwa na namba.

Wengi hudhani mtakatifu wa fani hii lazima awe wa kubuni. Yupo Mt. Giuseppe Moscati wa Napoli, Italia, aliyefariki mwaka 1927 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1987. Alikuwa daktari na mwalimu wa chuo kikuu, aliyefanya pia utafiti wa kemia ya mwili, na alikwenda Misa kila siku. Namtaja tu ili mjue njia hii ina watu waliotutangulia. Habari niliyokuja nayo leo ni yangu mwenyewe, na si ya kitakatifu.

Mwaka wa tatu nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja Kanda ya Ziwa. Usiku ule zamu ilikuwa nzito. Zikaja sampuli za malaria, na miongoni mwake ya mtoto wa miaka minne aliyekuwa ametibiwa malaria wiki tatu kabla, sasa homa imerudi. Hapa msome vizuri wale mtakaofanya kazi hii. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kwenye kikasha, kwa mtoto kama huyo hakitoshi. Kinanasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata kama vimelea vimeshakufa. Kitasema chanya tu. Ndiyo maana daktari aliomba slaidi.

Slaidi unaipaka tone nene, unaiacha ikauke, unaitia rangi ya Giemsa, kisha unaitazama kwenye hadubini kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Kila duara la mwanga unaloliona tunaliita fildi. Ukikuta kimelea, unahesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu ili daktari ajue wingi wake. Usipokuta kitu, kanuni ni kwamba huruhusiwi kusema "hakuna vimelea" mpaka umetazama fildi zisizopungua 100. Fildi mia ni kazi. Shingo inauma, macho yanatoa machozi, na fildi ya 60 inafanana kabisa na ya 12.

Nilifika arobaini. Nikasema moyoni, huyu hana. Kwenye daftari kuna mahali pa kuandika idadi ya fildi. Nikaandika 100. Nikaandika hasi. Mama yule akapewa dawa ya kushusha homa, akaondoka na mwanae mgongoni. Hilo la mgongoni nililijua baadaye. Usiku ule sikuwa nimemwona.

Asubuhi msimamizi wetu, mama mmoja mtaratibu sana, alirudia kusoma baadhi ya slaidi zilizotoka hasi, kama ilivyo desturi ya maabara inayojiheshimu. Katika fildi 100 za mtoto yule alikuta vimelea wawili. Wawili tu, wa kwanza akiwa amepita fildi ya sabini. Hakupiga kelele. Alichukua namba ya simu kwenye fomu, akapiga, mtoto akaletwa mchana. Tukapima upya. Safari hii nilihesabu mwenyewe huku mikono inatetemeka: vimelea 30 kwa chembe nyeupe 500. Tunachukulia kuwa mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika mikrolita moja ya damu, kwa hiyo 30 mara 8,000 gawanya kwa 500, unapata vimelea 480 kwa mikrolita. Mtoto akaanzishiwa matibabu, akapona, Mungu asifiwe.

Kisha mama akaniuliza, "Mwanangu, ulisoma fildi ngapi?"

Nikasema, "Mia, mama."

Na hapa ndipo paliponiuma: alinitetea. Aliwageukia wenzangu akatumia kosa langu kama somo. Akaeleza kuwa malaria hii ya kwetu, falsiparamu, vimelea wake wakikomaa hujificha kwenye mishipa midogo ndani ya viungo, kwa hiyo damu ya kidoleni saa hii inaweza kuonyesha wachache sana na saa chache baadaye wengi. Akasema hata macho ya mzoefu hupitwa na wawili katika mia. Yote aliyosema ni kweli kabisa. Sayansi nzuri ikawa shuka la kufunikia uongo wangu, na aliyenifunika nalo ni mtu niliyemdanganya.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Nilianza kwa kuzungukazunguka, unajua vile tunavyofanya: "nimekuwa mzembe kazini." Padre akaniuliza uzembe gani. Nikamweleza. Akasema kuchoka si dhambi, hata kupitwa na kimelea si dhambi. Lakini ile 100 niliyoiandika ni amri ya nane, na ile "mia, mama" ni ya nane tena. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusoma Walawi sura ya 13. Nilikaribia kucheka. Nani anasoma Walawi 13?

Someni, wapendwa. Kuhani anatazama ngozi ya mtu mwenye alama. Asipokuwa na hakika, hasemi safi wala najisi. Anamtenga siku saba, anamtazama tena. Bado? Siku saba nyingine. Ndipo anatamka. Nilikuwa nikiiona sura ile kama orodha ya vidonda. Sasa naona mtu aliyepewa mamlaka ya kutamka neno moja juu ya mwenzake, na Mungu anamzuia asilitamke kabla hajamaliza kutazama. Neno "hasi" ni la namna hiyo. Daktari analiamini bila kukuuliza, mama analiamini na kurudi nyumbani nalo.

Padre aliniambia pia nirekebishe kwa aliyedanganywa. Hilo sikulitaka. Ningepewa rozari tano ningeshukuru.

Jumatatu nikaingia mapema. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikasema yote, bila kumtazama usoni: arobaini, si mia. Niliogopa ataandika chuoni nirudie mafunzo mwaka mzima, na angekuwa na haki. Alinyamaza kwa muda. Kilichomuumiza, alisema, si ile arobaini. Ni kwamba sasa hajui namba ipi ya kwangu aiamini. Usiku ule nilikuwa nimetoa hasi 17 zaidi. Je, nazo zilikuwa mia?

Sikujua nimjibu nini, maana baadhi sikukumbuka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekivunja.

Akafungua sanduku la slaidi, akazitoa zote 17 na kuziweka mbele yangu, pamoja na kaunta ndogo ya kubonyeza kwa kidole. Akaniambia nisome kila moja mpaka 100, nje ya saa za zamu, naye atarudia nyuma yangu. Ilinichukua jioni mbili. Kabla ya kila slaidi nilifanya ishara ya msalaba, si kwa uchaji mkubwa, kwa hofu tu. Nilikuwa nikijiuliza kama kuna mtoto mwingine ambaye hana simu kwenye fomu.

Jioni ya pili, saa mbili kasoro, slaidi ya mwisho ilifika fildi ya 100. Hasi. Zote 17 zilikuwa hasi kweli. Mama akatazama yake, akasaini pembeni ya jina langu kwenye daftari, kisha akaniuliza kama nimekula.