Dondoo muhimu: Kadi za mkono za kuchangia wahitaji

Kadi ya kwanza ya UNICEF, mwaka 1949, ilitokana na mchoro wa Jitka Samková, msichana wa miaka 7 wa Chekoslovakia. Hapa Kitisuru, Nairobi, meza moja ya jikoni inatosha kuanza kutengeneza zenu.

Kata karatasi ya manila ya A4 katikati, kunja kila kipande mara moja: umepata kadi 2 za kuingia bahasha ya C6.

Pambo zuri kuliko yote ni maganda makavu ya mgomba. Ombeni kwa wakulima wa kuelekea Wangige. Futa vumbi, funika kwa gazeti, nyoosha kwa pasi ya moto mdogo, kisha kata umbo la twiga au la mama aliyebeba kuni. Kahawia ya ganda yatosha, hata bila rangi. Gundi iwe kidogo sana, la sivyo karatasi itajikunja. Laza kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Kadi nyingine ziache bila maneno, ili zifae pia kwa Idd au kwa pole.

Nyuma ya kadi andika pesa zinakwenda wapi. Malipo ya M-Pesa yaingie kwenye namba ya kituo chenyewe kinachochangiwa, si simu ya mtu. Mnunuzi ana haki ya kujua pesa zake zinamfikia nani. Za Krismasi, anzeni Septemba.