Navaja: Maswali kwa Mwalimu wa Kisu cha Kukunja cha Wahispania

Mwalimu, nimeona video za Wahispania wakipigana kwa kisu kirefu cha kukunja, koti limeviringishwa mkononi. Nitamjuaje mwalimu wa kweli?

Kabla hujalipa ada, muulize: haya unayonionyesha umeyatoa wapi? Akikujibu kwamba ni siri ya ukoo wake tangu enzi za majambazi wa milima ya Andalusia, mshukuru uende zako. Huenda hasemi uongo, ila huna namna ya kumpima. Kinachopimika ni maandishi. Mwaka 1849 kilichapishwa Madrid kitabu kidogo kisicho na jina la mwandishi, *Manual del baratero*, kinachoeleza mapigano ya navaja, ya kisu cha kawaida, na hata ya mkasi wa Waroma (Wajipsi). James Loriega alikitafsiri kwa Kiingereza. Mwalimu mzuri hukifungua mbele yako, na pale kitabu kinaponyamaza, atakwambia wazi kwamba hapo anakisia.

Huyo baratero alikuwa nani?

Mbabe wa kamari. Alizunguka magerezani, kambini na vichochoroni kunakochezwa karata, akidai fungu kwa walioshinda. Aliyekataa alionyeshwa kisu. Kwa hiyo usitarajie adabu za waungwana wa panga. Kitabu kinafundisha kumrushia mwenzako kofia usoni, au kumfanya ageuke kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Wanafunzi wengine huona aibu wakifika hapo. Mimi huona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote.

Nianze na nini?

Miguu. Kila mgeni anataka kwanza kukifungua kisu asikie ule mlio wa krrr wa meno ya chuma (*carraca*), na mlio huo haumkati mtu. Jifunze *giros*: kugeuka kwa ncha ya mguu wa mbele, mwili ukatoka kwenye njia ya ncha ya kisu. Rudia hadi uchoke. Kisha mkono wa kushoto, wenye koti au kofia, kwa sababu huo ndio ngao yako. Soma pia pambano lililo katika *Carmen*, hadithi ya Prosper Mérimée ya mwaka 1845. García anajikunja kwa mtindo wa Andalusia, kofia mkononi, kisu mbele. Don José anasimama wima kwa mtindo wa Navarra, mkono wa kushoto juu, kisu kando ya paja. Ijaribu mikao yote miwili, kwa kisu cha mbao na miwani ya kukinga macho.

Itanifaa nikivamiwa?

Kimbia.

Nikifika Hispania naweza kununua cha kweli?

Nenda Albacete, mji wa mafundi wa visu, wenye jumba lake la makumbusho ya visu karibu na kanisa kuu. Navaja kubwa zinauzwa, lakini kanuni za silaha za mwaka 1993 zinakataza mtu binafsi kutumia kisu cha kukunja ambacho bapa lake linazidi sentimita 11. Kukiweka nyumbani kama pambo kunaruhusiwa. Vile vinavyofyatuka vyenyewe kwa kitufe ni marufuku. Sheria za nchi unakorudi, nazo ziulizie kabla hujalipa, na safarini kisu kikae ndani ya mzigo unaopelekwa chini ya ndege.