Muhuri kwenye nyama una kazi gani?

Mwaka 2007 wenye bucha wengi wa Dar es Salaam walikosa wateja. Watu waliacha nyama ya ng'ombe, wakakimbilia samaki na kuku. Sababu ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka ule, watu zaidi ya 100 walikufa nchini kwa ugonjwa huo. Dodoma na Morogoro ni kati ya mikoa iliyoumia zaidi.

Kwa nini watu wa Temeke na Kinondoni waliogopa? Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka bara. Hufikia mnada wa Pugu, kisha hupelekwa machinjioni.

Ugonjwa huu huenezwa na mbu. Mvua zikizidi, maji hutuama na mbu huzaana. Mbu hao huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Dalili yake kubwa ni hii: wanyama wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wao hufa.

Mtu huupata hasa akigusa damu ya mnyama mgonjwa, kwa mfano anapochinja, anapochuna au anapoondoa mimba iliyotupwa. Mbu pia humwambukiza mtu.

Je, ilikuwa lazima kuacha nyama kabisa? Hapana. Nyama iliyokaguliwa, kisha ikapikwa ikaiva vizuri, haina hatari hiyo. Mkaguzi humtazama ng'ombe akiwa hai. Baada ya kuchinjwa, hukagua nyama, maini na mapafu. Akiridhika, ndipo hupiga muhuri.

Hatari kubwa ni ng'ombe anayechinjwa kwa siri usiku. Nyama yake hupitishwa mitaani kwa bei ya chini. Ndugu msomaji, rahisi hiyo yaweza kuwa ghali!

Basi, fanya hivi:

1. Nunua nyama kwenye bucha, na uliza muhuri.
2. Pika nyama iive mpaka ndani. Usinywe damu mbichi.
3. Chemsha maziwa mpaka yatokote.
4. Usichinje mnyama mgonjwa, wala usile mzoga.
5. Usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo.
6. Wanyama wachanjwe mapema, kabla ugonjwa haujaingia.
7. Ukipata homa baada ya kuchinja au kuhudumia mnyama mgonjwa, nenda zahanati na ueleze hivyo.

Maswali

1. Mbu huongezeka wakati gani?
2. Mkaguzi hukagua mara ngapi kabla ya kupiga muhuri?
3. Jirani anakuuzia nyama ya bei ya chini, haina muhuri. Utamjibu nini? Jadilianeni nyumbani.