Siku Mbili Karagwe: Anzia Bweranyange

Mgeni aliyezoea miji ya kale kama Roma, au hata Mji Mkongwe wa Unguja, hufika Karagwe akitafuta kuta. Hatazikuta. Ikulu ya Bweranyange, walikokaa wakama, yaani wafalme, wa Karagwe, ilijengwa kwa miti, matete na nyasi, na vitu hivyo haviwezi kumaliza karne. Kilichobaki ni mahali penyewe, vilima vinavyopazunguka, na wazee wanaokumbuka nani alikaa wapi. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usiende Bweranyange bila mwenyeji, na ukifika usiwe na haraka.

Toka Bukoba Ijumaa asubuhi kwa Hiace au gari dogo la abiria, upite Kyaka na kuendelea kwa lami hadi Omurushaka na Kayanga. Pale Kyaka, kwenye Mto Kagera, kumbuka kwamba daraja la hapo lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Tembea na kitambulisho, maana huu ni mkoa wa mpakani na maofisa husimamisha magari. Beba pia sweta. Karagwe iko juu na usiku baridi hupenya. Gesti za bei nafuu zipo Kayanga na Omurushaka. Mimi humpeleka mgeni alale Kayanga, kwa kuwa ndiko makao makuu ya wilaya na asubuhi hakosi usafiri.

Jumamosi yote iwe ya Bweranyange. Chukua bodaboda au kodi gari, na kabla ya kupiga picha yoyote pita ofisi ya kijiji, jitambulishe, uombe mzee wa kukutembeza. Patana naye mapema kuhusu shukrani yake, kisha mwache aongee. Ukikaribishwa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, pokea kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo karibu ya watu wa huku, na kuikataa bila sababu kunamvunja moyo aliyekupa.

Mwombe mzee wako akueleze habari za Rumanyika Orugundu, mmoja wa wakama hao. Mwishoni mwa Novemba 1861 alimpokea mvumbuzi Speke na mwenzake Grant, Waingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Speke aliandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Jambo hilo linanigusa kila ninapolikumbuka: mbali na bahari kiasi hiki, miaka mingi kabla ya utawala wa Wajerumani, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia ikulu. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki kwa miezi kadhaa akiuguza mguu, chini ya ulinzi wa mwenyeji wake.

Kiswahili hicho kilikuja na misafara ya biashara. Si mbali na ikulu ilikuwepo Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu walioleta nguo na shanga na kuondoka na pembe za ndovu. Stanley, mvumbuzi mwingine, alifikia hapo mwaka 1876. Leo hakuna jengo la kuonyesha, lakini ukiwa na mtu anayepajua, simama hapo japo nusu saa. Alama ya ufalme huu ilikuwa chuma. Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika na akaichora. Karagwe ilikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, mikuki na nyundo za kifalme, kazi ya wahunzi ambayo mpaka leo wataalamu wanaisifu. Muulize mzee wako vitu hivyo vilikwenda wapi. Majibu utakayopata yatakufundisha mengi kuhusu ukoloni, na pia kuhusu mwaka 1963, serikali ilipoondoa mamlaka ya machifu.

Jioni kula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Kama unaweza kupita Kiruruma au kata nyingine ya vijijini, omba kuingia kibanja uone migomba na mibuni inavyoishi pamoja kwenye shamba moja. Ukishaona hivyo utaelewa kwa nini watu huku hawahesabu wali kuwa chakula cha kushibisha. Rubisi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, onja kidogo kwa mwenyeji unayemwamini. Gongo iache. Ukija Novemba au Desemba, huenda ukakuta senene wa kukaanga, na hao usiwakose.

Jumapili nenda wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata. Watu wamekuwa wakienda kuoga hapo kutafuta nafuu ya maradhi tangu zamani; Stanley naye alikwenda baada ya kusikia sifa zake kwa Rumanyika. Jaribu maji kwa kidole kwanza, vaa nguo za heshima, wala usiwapige picha wagonjwa. Barabara za vumbi za huko huharibika mvua zinapokaza, hasa Machi hadi Mei, kwa hiyo Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri.

Hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, zinahitaji gari imara na siku zake zenyewe. Usizibane kwenye wikiendi hii.

Anayerudi Bukoba aondoke Mtagata mapema mchana, kwa sababu Jumapili jioni magari hupungua na hujaa. Anayeendelea Uganda ashike njia ya Murongo, avuke Kagera kwenda Kikagati, pasipoti ikiwa mkononi.