Kazi ya udereva wa trela: Kampuni za mizigo hutafuta nini kwa mwombaji

Barabara kuu inayotoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba inapita katikati ya Kaunti ya Nakuru. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo hupitia Naivasha, Gilgil, jiji la Nakuru, Salgaa na Mau Summit kabla ya kuendelea magharibi. Tangu mwaka 2020, makontena mengine hufika kwa treni ya SGR hadi bandari kavu ya Naivasha, na hapo ndipo malori huyachukua. Kwa hiyo kazi ya trela haiko mbali na mkazi wa kaunti hii. Hata hivyo, vijana wengi wenye leseni mfukoni hufika kwenye yadi za kampuni za mizigo na kurudi nyumbani bila kazi.

Sababu kubwa ni kwamba wanajiandaa kwa kazi tofauti na ile ambayo kampuni inataka kulipia. Wanafika wakiwa tayari kuonyesha kwamba wanaweza kuliondoa lori. Mwenye lori naye anawaza jambo jingine: anamkabidhi mtu asiyemfahamu gari la mamilioni ya shilingi, likiwa na mzigo wa mtu wa tatu, kisha hatamwona kwa siku kadhaa. Anataka mtu atakayelisimamisha gari hilo mteremkoni, atakayefikisha mzigo ukiwa kamili na kurudi na karatasi zote. Karibu kila swali la mahojiano hutokana na wasiwasi huo.

Leseni na vyeti

Leseni ya udereva hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), si serikali ya kaunti, ingawa bado kuna wakazi wanaofika katika ofisi za kaunti kuiulizia. Leseni ya gari dogo haimruhusu mtu kuendesha lori. Daraja la C1 ni la malori mepesi, C ni la malori ya wastani, na CE ni la lori kubwa linalovuta trela. Umri wa chini hupanda kadiri gari linavyokuwa kubwa, kwa hiyo miaka 18 inayotosha kwa gari dogo haitoshi kwa trela. Anayepanga kufika daraja la CE ahesabu miaka, na aitumie vizuri miaka hiyo ya kusubiri. Mafunzo yafanyike katika shule iliyosajiliwa na NTSA. Leseni ya kununua hujulikana mara tu mwombaji anapoambiwa arudishe trela nyuma kwenye yadi.

Pamoja na leseni, kampuni nyingi huomba kitambulisho, PIN ya KRA, nambari za NSSF na SHA, na cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen kisha alama za vidole huchukuliwa, na mkazi wa Nakuru anaweza kufanya hivyo katika Kituo cha Huduma. Kwa kuwa huchukua muda kutoka, ni vyema kukiomba kabla ya nafasi kutangazwa. Kampuni pia huweza kumpeleka mwombaji kwa daktari kupimwa, macho yakiwemo.

Uzoefu hupatikana wapi

Hapa ndipo wengi hukwama. Tangazo linataka miaka kadhaa ya kuendesha trela, na hakuna anayempa trela mtu asiye na miaka hiyo. Njia ya zamani bado inafanya kazi: utaniboi. Taniboi mwenye akili hujifunza kufunga turubai, kukagua magurudumu, kuunganisha trela na kichwa, kusoma karatasi za mzigo na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma. Meneja wa usafirishaji akitafuta dereva mpya, mara nyingi huanza kwa kumuuliza dereva anayemwamini kama ana taniboi aliyeiva.

Njia ya pili ni kupanda polepole kwa magari ya hapa nyumbani. Viazi vya Molo na Elburgon, maziwa, mbolea, saruji, mahindi yanayoletwa kwa wasagaji wa Nakuru, na maua ya Naivasha yanayopelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ndani ya malori ya baridi: yote haya yanahitaji madereva wa malori madogo na ya wastani. Anayesafirisha maua hujifunza jambo ambalo kampuni za masafa marefu hulithamini sana, nalo ni kutunza saa na kiwango cha baridi huku akiandika kila kitu. Baada ya miaka miwili au mitatu, aombe barua kutoka kwa mwajiri inayoeleza alikuwa akiendesha gari gani, kwa muda gani, na kama aliwahi kupata ajali. Barua ya namna hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa alizojiandikia mwenyewe.

Kozi ya umakanika katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti nayo husaidia. Dereva anayeweza kueleza kwa nini upepo wa breki unapungua, badala ya kusema tu kwamba “gari linasumbua”, humwokolea mwajiri siku nzima ya kusimama barabarani.

Mteremko wa Sachangwan

Jaribio la barabarani huamua mambo. Mtahini huwa hajali sana mwendo kwenye tambarare. Anatazama mwombaji anafanya nini kabla ya mteremko, na katika kaunti hii hakuna haja ya kutafuta mfano mbali.

Kipande cha barabara kinachoshuka kutoka upande wa Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa kina historia inayojulikana. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, na watu 36 wakapoteza maisha. Vizuizi vya saruji vimewekwa katikati ya barabara baadaye ili kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, lakini kizuizi hakiwezi kufanya kazi ya gia. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti jirani ya Kericho, lori lililoshindwa kudhibitiwa liligonga magari na wachuuzi kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Kosa linalotajwa mara nyingi kwenye miteremko hii ni kuteremka gari likiwa nyutro ili kuokoa dizeli. Linafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu wanaolifanya hudhani wana hesabu nzuri.

Lori likiwa ndani ya gia, injini yenyewe hulizuia kukimbia. Likiwa nyutro, uzito wote hubaki kwa breki peke yake. Breki zikibanwa mfululizo kwa kilomita kadhaa hupata joto kali, na zikishapata joto hilo hupoteza nguvu ya kushika hata dereva akikanyaga kwa mguu mzima. Tena kila anapokanyaga, upepo hutumika, na kwa kuwa injini inazunguka polepole, pampu inayojaza upepo nayo inafanya kazi polepole. Dereva hugundua haya yote kwa pamoja, na wakati huo lori huwa limeshapata mwendo ambao gia haikubali kuingia.

Faida ya dizeli nayo haipo. Katika injini nyingi za kisasa, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likishuka ndani ya gia, injini hukata dizeli kabisa na huzungushwa na magurudumu. Gari likiwa nyutro, injini hulazimika kunywa dizeli ili isizimike. Zaidi ya hayo, malori mengi yana vifaa vinavyopeleka taarifa ofisini. Meneja akiona lori lilikuwa likienda kilomita 80 kwa saa huku injini ikipumua kama iliyoegeshwa, hahitaji shahidi.

Mtahini anataka kuona dereva akipunguza mwendo na kuchagua gia kabla ya mteremko kuanza: gia ambayo lori lingehitaji kuupanda mlima huo huo, au ndogo zaidi. Breki ya injini iwashwe mapema. Breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu ya kutosha, mwendo ushuke, kisha iachiliwe ipoe, badala ya kuegemewa njia nzima. Mwombaji anayesimamisha gari mahali salama juu ya mlima akakagua upepo na magurudumu kabla ya kushuka hupata alama ambazo hazimo kwenye kitabu.

Hesabu za mizani ya Gilgil

Swali la pili linalowaangusha waombaji ni la uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaweka kikomo kwa lori zima na pia kwa kila ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu. Ekseli ya usukani ni tani 8, jozi ya ekseli zinazosukuma lori ni tani 18, na ekseli tatu za pamoja nyuma ya trela ni tani 24. Jumla kwa trela ya ekseli sita ni tani 50. Kikomo cha juu kabisa, kwa gari la ekseli saba, ni tani 56.

Kosa la kawaida ni kutazama jumla pekee. Lori linaweza kuwa na tani 49 na bado likazuiliwa Gilgil, kwa sababu mzigo ulisukumwa mbele na ekseli za kusukuma zikabeba tani 20. Dereva anayeulizwa angefanya nini wakati wa kupakia ajibu kwamba angesimamia mpangilio wa mzigo, apime kabla ya kuondoka panapowezekana, na akatae kutoka yadini ikiwa ekseli moja imezidi. Kujibu kwamba “nitaongea na watu wa mizani” humaliza mahojiano mapema.

Kwa safari za nje ya nchi kuna mambo machache ya ziada: kadi ya chanjo ya homa ya manjano, bima ya kadi ya njano ya COMESA kwa gari, na kufuli ya kielektroniki ya KRA kwenye mizigo inayopitia nchini. Kufuli hiyo hutoa ishara ikifunguliwa au lori likiacha njia iliyoidhinishwa, hata kama dereva alikuwa akipita nyumbani kusalimia tu.

Kabla ya kutia saini

Kampuni halali haimtozi mwombaji ada ya mahojiano, ya sare au ya “kufungua faili”. Nambari ya simu inayotaka pesa itumwe kwanza ni ya tapeli, hata tangazo liwe na nembo ya kampuni kubwa. Wanaoahidiwa kazi ya lori katika nchi za Ghuba au Ulaya wathibitishe kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Mwombaji auombe ausome, hasa sehemu ya makato, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi mwingi kati ya madereva na waajiri huanzia. Dizeli ikipungua, gurudumu likipasuka au mfuko ukipotea, nani analipa? Sheria inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyakazi ameisababisha kwa makusudi, lakini jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 30,000, mathalani, dereva hapaswi kupokea chini ya 10,000, hata hasara iwe kubwa namna gani.

Aulize pia mshahara wa msingi ni kiasi gani bila posho ya safari, kwani amri ya mishahara ya serikali ina kiwango cha chini kinachohusu dereva wa gari kubwa la mizigo, na posho si mbadala wake. Aulize kuhusu bima ya majeraha kazini. Aulize ratiba: Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha saa nane za kuendesha katika kila saa 24, na kidhibiti mwendo hakiruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kampuni inayomtaka dereva mmoja afike Malaba kutoka Mombasa bila kulala inamtaka avunje sheria hizo, na akipata ajali ni jina lake litakaloandikwa kwenye kitabu cha polisi.

Malalamiko kuhusu mshahara au makato hupelekwa katika ofisi ya leba mjini Nakuru. Madereva wa masafa marefu pia wana chama chao cha wafanyakazi, Kenya Long Distance Truck Drivers and Allied Workers Union. Katika ofisi yoyote kati ya hizo, afisa ataomba kwanza kuona mkataba na karatasi za malipo, kwa hiyo nakala zake zibaki nyumbani wakati lori liko safarini.