Kabla ya Kulipa Ada, Tazama Kipindi Kizima

Ukuta wa klabu ya karate au judo huwa na mengi: vyeti kwenye fremu, vikombe, picha ya mwalimu akipasua matofali. Vyote vinaweza kuwa vya kweli, na bado ukatoka baada ya mwaka hujui kujikinga wala kuanguka. Ukitaka kujua mafunzo yana thamani gani, omba kukaa pembeni utazame kipindi kizima, siku ya kawaida isiyo na mgeni rasmi. Klabu isiyotaka utazame imeshakujibu.

Mtazame anayetupwa

Wanafunzi wakigawanyika wawili wawili, macho ya mgeni huenda kwa anayetupa. Wewe mtazame mwenzake. Kwa anayeanza, ni sawa mwenzake asimame tuli, ampe mkono, amwachie ajifunze hatua. Shaka iingie ukimwona mtu wa mkanda wa kahawia anajiangusha kabla hata kifundo chake cha mkono hakijasokotwa, kisa aliyemshika ni mwalimu.

Subiri zile dakika ambazo mwenzake anaruhusiwa kukataa: anarudisha mkono, anazunguka, anang'ang'ania koti, na mbinu inakwama. Hapo sikiliza. Mwalimu anayejua kazi yake atawasimamisha: “Hukumvuta kwanza, uzito wake uko kwenye miguu yote miwili.” Watarudia mpaka ikubali. Dakika hizo zisipokuwepo kabisa, mnafundishwa maonyesho.

Wako watakaokwambia kwamba mbinu zao ni za kuua, kwa hiyo haziwezi kujaribiwa. Jigoro Kano alishalitatua hilo. Alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alizichukua mbinu za jujutsu, akaziweka kando zile za kudhuru wakati wa kupambana, ili wanafunzi wakabane na kutupana kwa nguvu zao zote na kesho warudi mazoezini. Pambano hilo huru, randori, ndilo linalomwonyesha mtu anachokijua na anachodhani anakijua.

Kuanguka na kuachia

Panapofundishwa kutupana, masomo ya mwanzo huwa ya kuanguka: kidevu kifuani, mkono mzima unapiga mkeka, kiganja hakitangulizwi. Anayejizuia kwa kiganja ndiye anayevunjika mkono. Kagua na mikeka yenyewe. Vipande vilivyoachana hunasa vidole vya miguu. Ngumi na mateke unaweza kujifunza juu ya saruji. Kutupwa juu ya saruji, usikubali.

Aliyekabwa akimgonga mwenzake mara mbili, ishara ya kusalimu amri, aachiwe papo hapo. Shingo iliyokabwa barabara humpotezea mtu fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, kwa hiyo mwalimu aliye nje anapokea simu wakati watu wanakabana hafai. Na aliyepigwa kichwani akayumba akae pembeni siku hiyo, hata akisema yuko sawa.

Nani alimtahini mwalimu?

Muulize kwa adabu; mwenye mkanda halali huwa hachukii swali hili. Katika taekwondo, vyeti vya dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, vinavyotolewa na Kukkiwon, makao ya taekwondo mjini Seoul, vina namba. Kwa kawaida mtu hukaa angalau mwaka 1 kutoka dan ya 1 hadi ya 2, miaka 2 hadi ya 3, na miaka 3 hadi ya 4. Fanya hesabu: dan ya 4 ni miaka 6 baada ya ile ya kwanza. Karate ina mitindo mingi, kama Shotokan, Goju-ryu na Wado-ryu, na vyama vingi vinavyotoa vyeti. Pata jina la chama, kisha kiulize chama chenyewe.

Uliza pia usajili. Tanzania Bara, vyama na klabu husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kenya, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka Msajili wa Michezo. Usajili haukuhakikishii ubora wa mbinu, ila siku ya malalamiko unajua uende wapi.

Pesa na watoto

Taka gharama zote kwa mpigo: ada ya mwezi, sare, uanachama, mtihani wa kila mkanda. Anayefanya karate mara 2 au 3 kwa wiki huchukua kwa kawaida miaka 3 hadi 5 kufikia mkanda mweusi. Anayekuahidi kwa mwaka mmoja anakuuzia kitambaa.

Kama unampeleka mtoto, mtafute yule mdogo na mzito kuliko wote darasani. Anafundishwa, au anachekwa? Adhabu za viboko na mazoezi ya faragha nyuma ya mlango uliofungwa ni sababu tosha ya kuondoka.

Mwisho, zungumza na mwanafunzi aliyekaa miaka miwili. Muulize ni nani humshinda hapo klabuni, na humshindaje. Akikujibu bila kusita, “Yule dada pale, kila nikimsogelea ananifagia mguu wa kushoto,” jua watu hapo wanapimana kweli. Lipa ada ya mwezi mmoja uanze. Ya mwaka itasubiri.