Ijumaa Kuu ya Manasara na Ijumaa Yetu

Ndugu zetu wa pwani wenye jamaa Nakuru wametuuliza: ile siku iitwayo Ijumaa Kuu, Manasara wa huko huifanyaje, na Muislamu aishi nayo vipi?

Siku hiyo wao huadhimisha kusulubiwa kwa Nabii Isa, amani iwe juu yake, kwa mujibu wa itikadi yao. Haina tarehe moja. Hutangulia Pasaka, na Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotimia Machi 21 au baadaye. Basi hata wao wana hesabu ya mwezi, ingawa wautazama vitabuni.

Wakatoliki wa Nakuru hutoka kwa maandamano na msalaba wa mti, wakasimama vituo 14, kila kituo na dua yake. Hufunga kwa namna yao: mlo kamili mmoja, wala nyama hawaonji. Alasiri huingia kanisani, na siku hiyo hawana Misa. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Ijumaa hiyo iliangukia ndani ya Ramadhani, hata katika mtaa wa Bondeni Muislamu na jirani yake Mkatoliki wakawa wamefunga wote wawili, kila mmoja kwa amri yake.

Sisi jambo la msalaba tumekwisha katiwa neno katika Suratun-Nisaa, aya ya 157. Kwa hivyo hatuandamani nao, hata kwa kuoneana haya. Lakini kuwapisha njiani na kumjulia hali jirani si kushiriki ibada. Suratul-Mumtahina, aya ya 8, yaturuhusu wema na uadilifu kwa asiyetupiga vita katika dini. Kuwacheka ni utovu wa adabu tu.

Linalotusikitisha ni letu wenyewe. Mwaka mzima kijana hutwambia kwamba tajiri wake hampi ruhusa ya kwenda kusali Jumaa. Ijumaa hii ni sikukuu kwa sheria ya Kenya, na tajiri mwenyewe amefunga mlango. Yu wapi kijana? Amepanda gari asubuhi kwenda Naivasha kutembea! Na katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyelazimiwa na Jumaa ni haramu kwake kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akiwa ataidiriki njiani au aendako, au akichelea dhara kwa kuachwa na wenziwe. Na Naivasha misikiti ipo.